Nne Iliyovaa Kilemba

Krr, krr, krr. Ni wembe huo, unakwaruza wino kwenye karatasi. Hata leo nikisikia mtu anakwangua ukoko wa wali kwenye sufuria, mgongo wangu hunyooka wenyewe na mkono huanza kutafuta kalamu. Kwa miaka mingi sauti ile ilikuwa na maana moja tu kwangu: Bwana Taherali ameona kosa, na kosa ni langu.

Nyinyi mnaoanza kazi ya kuchora ramani za nyumba mtasema, siku hizi nani anakwaruza? Ukikosea wabonyeza kitufe, kosa limekwenda zake. Ni kweli, na ndiyo maana mwakosea bila haya. Nasema hivyo kwa mapenzi, na kwa haki ya mtu aliyestaafu. Msicheke. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na miwili, sina mvi hata moja, lakini kustaafu ni kustaafu, na mstaafu ana ruhusa ya kuwachosha vijana kwa maneno. Ruhusa hiyo nimeingoja muda mrefu, sasa kaeni.

Niliingia ofisi ile na cheti cha kidato cha nne ambacho sipendi kukionyesha, pamoja na miezi mitatu ya kompyuta niliyosomea Tononoka, kwenye chumba kilicho juu ya duka la viatu. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Mwenyewe, Bwana Taherali, alikuwa Muhindi wa mji, amezaliwa humu na babake humu, na Kiswahili chake cha Mvita kilinishinda mimi niliyelelewa Majengo. Kazi yetu kubwa ilikuwa matengenezo ya nyumba za Mji wa Kale: roshani iliyolegea, ngazi iliyoliwa na mchwa, ukuta uliotoa tumbo. Kule hugusi ukuta bila mchoro ulioidhinishwa, na kila mchoro una maneno na namba zake. Mistari ilikuwa ya Bwana Taherali. Maneno na namba zilikuwa zangu.

Mtu asiyejua atadhani hiyo ni kazi ya kitoto. Nami nilidhani hivyo, kwa siku moja. Siku ya pili aliniketisha na kalamu ya risasi akaniambia niandike sifuri mpaka tisa, mara kumi, kabla ya chai. Nikaandika. Akatazama, akasema saba yangu yataka kuwa moja, na sita yangu haijaamua. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Mwezi mzima sikugusa kompyuta. Nyumbani mamangu aliniuliza ofisini nafanya nini, nikamwambia najifunza kuhesabu mpaka tisa, akauliza kama mshahara upo.

Siku moja nilichoka nikamuuliza Bwana Taherali namba ni namba, tofauti yake nini. Akanipeleka dirishani. Mwisho wa barabara, mbali, alikuwa anakuja mwanamke amejifunika buibui.

"Yule nani?" akaniuliza.

Nikamwambia yule ni Bi Zuhura, muuza viungo.

"Uso wake wauona?"

"Siuoni. Namjua kwa mwendo."

"Basi na namba ni hivyo hivyo. Mwashi haoni uso, aona mwendo. Kila namba iwe na mwendo wake, isitembee kama jirani yake."

Mwashi ndiye msomaji wetu, mkumbuke hilo. Wewe mchoraji umeketi kwenye kiti kinachozunguka, feni yakupepea, na mchoro uko mbele yako mkubwa kama shuka. Yeye amesimama juani, mkono mmoja ameshika mwiko, na mchoro alio nao ni fotokopi ya fotokopi, ndogo, imekunjwa imetiwa kibindoni, imelowa jasho, imeshafungiwa bajia. Kwa ajili yake Bwana Taherali alikuwa na mtihani ambao kila mchoro ulipita kabla ya kutoka mlangoni. Tuliuita kusimama. Unatoa kopi ya kopi, ndogo ya kutosha kibindoni. Unaikunja mara nne, unaikunjua, unaiweka sakafuni penye jua. Kisha unasimama wima na kusoma namba zote kwa sauti. Ukiinama, umeanguka. Ukikunja uso, umeanguka. Mara nyingine aliimwagia na chai kidogo, akisema kazini hakuna mchoro mkavu.

Niliupenda mtihani ule kama nilivyopenda dawa ya minyoo. Mimi, wenzangu, nilikuwa mtu wa ndoto. Nilikuwa na daftari ambalo nilinakili herufi zote nzuri nilizoziona mjini: za juu ya milango ya zamani, za masanduku ya tende, za mikebe ya biskuti ya nyanyangu. Nilipogundua kwamba kwenye mtandao kuna fonti maelfu, bure, unachukua tu, nilikuwa kama mtoto aliyefungiwa kwenye duka la halua. Bwana Taherali alikuwa na fonti moja, kavu, nyembamba ya wastani, isiyo na mkia wala pete. Mimi nilimwonea huruma.

Mara ya kwanza fonti kuniadhiri ilikuwa kwa mwenye duka la vinyago pale Ndia Kuu. Alitaka kutengeneza nyumba ya juu ya duka ili mamake ahamie. Nikaandika majina ya vyumba kwa fonti yangu mpya, nikautuma mchoro kwa barua pepe kwenye duka la kuchapisha kule Tononoka. Nisilolijua ni kwamba kompyuta ya kule ikiwa haina fonti yako, haikwambii pole. Yaweka yake. Na yake siku ile ilikuwa ile isiyokuwa na herufi kabisa, ina vijipicha.

Mteja akaja ofisini. Muungwana sana. Alinisalimu, akamuuliza mzee hali, akauliza joto hili tutalifanyaje, ndipo akaukunjua mchoro mezani taratibu kama anayefunua maiti.

"Binti, mimi sina neno," akasema. "Nauliza tu. Hapa chumbani kwa mamangu mumeandika simu na mkasi. Simu anayo. Mkasi ni wa nini?"

Bwana Taherali alikunywa maji. Alikunywa bilauri nzima bila kuishusha, na mabega yalikuwa yakitikisika. Tangu siku hiyo sikutuma tena mchoro ulio wazi, niliufunga kwanza uwe kama picha, herufi zikae ndani yake zisiweze kubadilishwa njiani. Nanyi fanyeni hivyo. Mkasi mmoja watosha mji huu.

Lakini mkasi ule haukumwumiza mtu. Iliyomwumiza mtu ni nne yangu.

Kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu alikuwa akikaa Bi Tima, mjane, mtu mzima sana, mwenye ulimi ulionyooka na magoti yasiyonyooka. Mbele ya mlango wake palikuwa na baraza la mawe. Mkokoteni wa saruji ulilipiga pembeni, mvua ikaingia ufani, likaporomoka. Tangu hapo Bi Tima hakuwa na pa kukaa nje. Kiti hakikai vizuri pale, njia ni nyembamba, kila apitaye humbidi ainuke, na yeye kuinuka kwake ni safari. Basi alikaa juu. Na dirishani kwake, kwa vile roshani imetokeza, haoni njia. Aona paa za jirani na paka.

Nilipokwenda kupima, alinieleza shida yake yote ni Idi. Tangu alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi, kila Idi alikaa barazani, na mtaa mzima ukapita kumpa mkono.

"Idi iliyopita nilisalimiwa kwa ngazi," akasema. "Mtu apiga ukelele chini, nami naitikia juu. Mpita njia akidhani twagombana. Sasa mwanangu, Idi hii nataka nikae mlangoni kwangu kama mtu."

Nikamwahidi. Kwa mdomo wangu huu.

Bwana Taherali alinifundisha kwamba baraza hupimwa kwa goti la mwenye nyumba. Nikamkalisha Bi Tima kwenye kiti, nikapima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, nikaongeza kidogo hapa, nikapunguza pale, yeye akiinuka na kukaa, akiinuka na kukaa, mpaka tukafika mahali aliposimama bila kunishika. Sentimita arubaini na tano. Akanionyesha kwa kidole. Chini ya hapa siinuki, akasema; juu ya hapa miguu yaning'inia kama ya mtoto, na utoto nimeshaumaliza. Sisi kwenye michoro huandika kwa milimita. Kwa hiyo namba ya Bi Tima ilikuwa 450.

Nikarudi ofisini na moyo wangu umejaa. Nikafikiri, nyumba yenye mlango uliochongwa vile, bibi mwenye maneno matamu vile, nitamwandikia kwa fonti kavu kama risiti? Kulikuwa na fonti moja niliyoiweka akiba kwa siku kama hiyo. Jina lake sitawatajia, isije ikawashawishi. Kila namba ilikuwa imevaa. Saba ina mshipi, mbili ina mkia wa tausi. Na nne, jamani nne ile. Ilikuwa imefunga kichwa chake juu na kukizungushia kama kilemba cha bwana harusi, na mguu wake umepinda kidogo kwa maringo. Niliitazama mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Bwana Taherali hakuwako. Alikwenda Nairobi kumwona bintiye, akaniachia funguo na wasia mmoja: nisisahau kusimama. Nami sikusimama. Ilikuwa Ramadhani, alasiri, nimefunga, kichwa chepesi, na sakafu ilionekana mbali. Nilichapisha mchoro kwenye karatasi yetu ya asili, ile inayopitisha mwanga, nikautazama nikiwa nimeketi, nikaona umependeza. Ulipotoka na idhini, nikatoa kopi nikampa Fundi Shee, mwashi wetu.

Fundi Shee lazima nimweleze, msije mkamlaumu. Mwanzoni alikuwa mwashi wa kufuata jicho lake. Aliwahi kuinua dirisha la mtu kwa upana wa kiganja kwa sababu aliona panapendeza zaidi, na Bwana Taherali akamketisha mbele ya watu akamwambia kilichoandikwa ndicho kijengwacho. Fundi Shee aliapa. Na Fundi Shee akiapa, ameapa.

Siku zile mimi nilikuwa na kazi nyingine ya kupima ghala upande wa Kibarani, mbali na Mji wa Kale, kwa hiyo habari za baraza nilizipata kwa simu tu. Nikamuuliza laendaje. Akasema, alhamdulillahi, lapanda. Siku ya pili nikapiga tena. Lapanda, akasema, lapanda sana. Nilifurahi. Hakuna mahali popote akilini mwangu palipojiuliza baraza lapanda kwenda wapi.

Siku tatu kabla ya Idi, ikiwa mwezi utaandama, nikaenda kulitazama.

Nililiona kutoka mwanzo wa kichochoro, na hilo peke yake lilitosha kunijulisha kuna jambo, kwa sababu baraza halionekani kutoka mwanzo wa kichochoro. Lilikuwa limejengwa vizuri mno. Limepigwa chokaa, pembe zake zimenyooka, na kwa juu limenifika mbavuni. Jirani mmoja alikuwa ameshapanga sinia zake za kaimati juu yake tayari kuuza magharibi. Muuza kahawa alikuwa amelisugua kwa mkono akiona dele, birika lake la kahawa, litakaaje. Wazee wawili wamesimama wameliegemea kwa viwiko, wanazungumza, kama watu walio forodhani wanangojea mizigo.

"Huyo ndiye aliyelichora," mmoja akasema. "Binti, ngazi yaja lini?"

Nikajifanya sikusikia. Nilitaka kuhakikisha, labda ni mimi niliyezidi kuwa mfupi. Nikapanda. Kupanda niliweza, kwa sababu ya hasira. Nikakaa pale juu miguu yaning'inia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba buibui langu limenasa chini yangu na kushuka siwezi. Wale wazee wakanitazama kwa heshima zote. Mwenye kaimati akaniomba nisogee kidogo, namkalia nafasi.

Fundi Shee akaja mbio, akanipangia mawe matatu yaliyosalia, nikashuka kwayo. Nikakaa papo hapo juu ya mawe, mgongo nimeegemea lile baraza. Nikamuuliza, nusu sauti, amefanya nini.

"Nimejenga kilichoandikwa," akasema. Akatoa kibindoni kopi yake, imekunjwa mpaka imekuwa kama kitambaa, akaikunjua akaiweka chini mbele yangu. "Soma mwenyewe. Mimi pia nilishangaa. Nikasema, labda Bi Tima ataka kuuza mahamri."

Nikasoma. Kile kilemba, kilipopunguzwa na kunakiliwa na kunakiliwa tena, kilikuwa kimejaa wino kikawa kichwa. Ule mguu wa maringo ukawa mkia. Mimi niliyeipima, niliyeiandika, niliyeipenda, nikasoma mia tisa na hamsini.

Kisha mlango ukafunguka. Bi Tima alikuwa amesikia kicheko cha watu, akashushwa ngazi pole pole na mjukuu wake, aje aone baraza lake. Watu wakampisha. Mwenye kaimati akashusha sinia moja. Bi Tima akalitazama kutoka chini hadi juu, akaweka mkono wake juu yake, mkono ukamfika kifuani.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nilitaka kukaa nje nione watu. Wewe umenijengea pa kuniuzia."

Watu walicheka, na yeye akacheka kidogo kwa ajili yao. Halafu akageuka kwa mjukuu wake, na maneno haya aliyasema taratibu, si ya kusikiwa na mtaa.

"Nipandishe. Idi nitakaa ndani. Nimeshazoea."

Nimepigwa kelele na wateja, nimevunjiwa kalamu na Bwana Taherali mwenyewe, lakini hakuna kilichonichoma kama lile nimeshazoea.

Jioni ile Bwana Taherali alirudi. Nilimweleza yote, na kilemba nikamweleza. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza moja tu, kama nilisimama. Nikasema sikusimama. Akavua miwani akaipangusa kwa muda mrefu. Akasema kulivunja lote na kulijenga upya, siku tatu hazitoshi, na mtaa umeshalizoea, patakuwa na kesi. Halafu akaniuliza nilipokuwa nimekaa nikilia, nilikuwa nimekaa wapi.

Nikamwambia sikulia. Nilikuwa nimekaa kwenye mawe ya Fundi Shee.

"Na mgongo?"

Mgongo nilikuwa nimeegemea baraza. Na kusema kweli, katika mambo yote ya siku ile, hilo peke yake lilikuwa raha. Tukatazamana. Bwana Taherali akanisogezea karatasi na kalamu ya risasi, akaizima kompyuta yangu kwa kidole chake mwenyewe.

Nikachora kwa mkono. Baraza lisiongezwe nje, njia isije ikaziba, likatwe mbele. Sehemu ya mbele ishushwe mpaka goti la Bi Tima, sehemu ya nyuma ibaki juu ilivyo, nyembamba, iwe ya kuegemea. Nikaandika 450 kwa namba kubwa, nne iliyo wazi juu, kama kiti kilichopinduliwa. Nikatoa kopi, na kopi ya kopi. Nikaikunja mara nne. Nikaiweka chini nikasimama nikasoma. Nikaimwagia chai, maana futari ilikuwa imeshapita, nikasoma tena. Bwana Taherali akanitazama akaniambia yatosha, usiioshe.

Asubuhi yeye akaenda kwa wahusika wa idhini kueleza badiliko, nao walicheka kwanza wakaandika baadaye. Fundi Shee akaichukua karatasi, akaisoma kwa sauti mbele ya mashahidi, wale wazee wawili, kisha akaniomba na mimi niisome kwa sauti. Halafu akaanza kukata. Nami nilikaa pale siku zote mbili na tepu mkononi, nikipima kila alipopumzika, mpaka akanihamisha upande wa pili wa njia.

Asubuhi ya Idi, watu walipotoka kuswali, Bi Tima alikuwa amekaa mlangoni kwake. Kanga mpya, udi umetangulia kabla yake, miguu yote miwili imekanyaga chini, mgongo umeegemea. Sinia ya kaimati iko nyuma ya bega lake pale juu, na dele la muuza kahawa liko upande wa pili. Watoto walikuwa wamejipanga. Mimi nilipopita kumpa mkono, alinivuta akanikalisha karibu naye.

"Hapa ni pangu," akasema, kisha kidole chake kikaonyesha juu, kwenye kaimati. "Na pale ulipokwama ni pako. Nimewakataza watu wasipakalie."

Kisha akaja mtu mzima kumsalimu, na Bi Tima akainuka. Hakunishika mimi wala fimbo. Alikanyaga, akainuka. Mtaa mpaka leo wapaita pale baraza la ghorofa, na alilikalia Idi nyingi kabla Mola hajamchukua.

Sasa mtaniuliza, fonti gani basi? Kila kijana huniuliza hivyo, akidhani kuna jina moja la siri. Nawaambia tafuta iliyo kavu, ambayo mistari yake ina unene mmoja, isiyo nyembamba mpaka kopi ikaimeza. Kofia ya moja yake iwe ndogo, isije ikafanana na saba. Sita na nane ziwe na matumbo mapana, wino usije ukayajaza. Nne iwe wazi kichwani. Kwenye karatasi kubwa usiandike chini ya milimita mbili na nusu ukijua itapunguzwa, na namba usiilaze juu ya michoro ya mawe, iwekee mahali peupe ipumue. Rangi nyekundu yapendeza kwenye kioo, kwenye fotokopi yafifia kama ahadi ya mgombea. Na baada ya hayo yote, usiniamini mimi. Iweke chini, usimame.

Mimi nimeondoka kazini si kwa kuchoka. Nimekodi kichumba Tononoka, naandika mabango ya maduka kwa rangi na brashi. Kule herufi zaruhusiwa kujipamba. Juzi nimemwandikia kinyozi jina lake, kila herufi na kilemba chake, na hakuna mtu atakayejenga chochote kwa kulisoma.

Ule mchoro wa kwanza wa Bi Tima, wa kwenye karatasi ya asili, Bwana Taherali hakuutupa. Aliubandika ukutani karibu na birika, mahali ambapo kila aingiaye kazini lazima asimame akingojea maji yachemke. Nimekunywa chai yangu mbele yake miaka yote hiyo. Siku yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Wenzangu walikuwa wamekwenda kuswali, Bwana Taherali pia, na ofisi ilikuwa kimya. Nikaubandua. Nikafungua mtoto wa meza ya mzee, nikachukua wembe. Krr, krr, krr. Nilikwaruza nne peke yake, saba na mshipi wake nikaiacha, mbili na mkia wake nikaiacha. Nikapangusa vumbi la wino kwa ncha ya mtandio, nikaandika nne nyingine kwa mkono, wazi juu, kavu. Nikaulaza mchoro sakafuni penye jua, karibu na dirisha, nikasimama wima, miguu pamoja, nikasoma kwa sauti. Kisha nikaubandika pale pale karibu na birika, nikarudisha wembe mahali pake.